FOSDEM, GUADEC, Akademy au kambi ya msimbo: msanidi wa programu za eneokazi aende wapi?

Kila mwaka kuna anayeniuliza swali hili, na mara nyingi huwa ameshafungua ukurasa wa tiketi za ndege kabla ya kuuliza. Anaandika programu za eneokazi, yaani zile zinazokaa kwenye kompyuta yenyewe badala ya kivinjari: kihariri cha picha, kicheza muziki, kidhibiti faili, au kijisehemu cha GNOME au KDE Plasma, mazingira mawili ya eneokazi ya Linux, ambacho watumiaji hawajui hata kama kina jina. Ana likizo ya wiki moja na nauli ya safari moja. Mbele yake kuna mikutano ya programu za chanzo huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote: FOSDEM, GUADEC, Akademy, Linux App Summit, na pengine mwaliko wa kambi ndogo ya watu kumi. Achague upi?

Nami humrudishia swali: una nini kilichokwama?

Namuuliza hivyo kwa sababu mada za jukwaani peke yake hazistahili nauli ya mtu. Mikutano mikubwa ya chanzo huria hurekodi mada zake na kuziweka wazi kwa kila mtu, na nyingi hurushwa mubashara. Ukitaka kumsikiliza mtu akieleza kwa dakika arubaini jinsi kompozita ya Wayland, yaani programu inayoyaunganisha madirisha yote kuwa picha moja ya skrini ya Linux, inavyoyapanga, utamsikia vizuri zaidi ukiwa kwako, tena kwa uhuru wa kumsimamisha na kumrudisha nyuma. Zisizorekodiwa ni zile saa unazokaa ubavuni mwa mlezi wa mradi, yule mwenye idhini ya kuupokea msimbo wako, kompyuta zenu mbili zimegusana mezani. Hicho ndicho kipimo ninachotumia hapa. Anayetafuta ajira au wateja ashike mizani nyingine.

FOSDEM: gulio la wote

FOSDEM hufanyika Brussels, kwenye kampasi ya Solbosch ya Université libre de Bruxelles, Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Ilianza mwaka 2000 ikiitwa OSDEM. Hakuna kiingilio, hakuna kujisajili, hakuna beji ya kuning'iniza shingoni: unatembea tu kutoka barabarani hadi ndani. Kwa siku hizo mbili maelfu ya watu humiminika, na makumi ya vyumba huendesha mada kwa wakati mmoja.

Vyumba hivyo huitwa vyumba vya wasanidi. Kila jamii huomba chake, hupanga ratiba yake na kusimamia wazungumzaji wake. Kwa miaka mingi kulikuwa na chumba cha programu za eneokazi kilichowaweka GNOME, KDE na wengineo chini ya dari moja. Lakini vyumba huombwa upya kila mwaka, kwa hiyo kilichokuwepo mwaka juzi kisikufanye ukate tiketi ya mwaka huu. Soma orodha kwanza.

Kuna jambo ambalo anayekwenda mara ya kwanza huligundua saa nne asubuhi ya Jumamosi. Chumba unachokitaka kina viti themanini, na wanaokitaka ni mia mbili. Mlangoni anasimama mtu wa kujitolea na karatasi iliyobandikwa kwamba chumba kimejaa, na hakuna jina wala cheo kitakachokuingiza. Wenyeji wa FOSDEM wanajua dawa yake: unaingia mada moja au mbili kabla ya ile unayoitaka, unakalia kiti chako, unasikiliza habari za hifadhidata usizozitumia, unasubiri. Ukitoka kwenda msalani umekipoteza kiti. Nimejifunza mambo mengi ya ajabu kuhusu hifadhidata kwa njia hii.

Kwa kipimo changu, FOSDEM ni dhaifu. Mlezi unayemtafuta yumo kampasini, lakini na yeye anakimbia kati ya jengo na jengo, anatafutwa na watu ishirini, na ana mada yake saa tisa alasiri ambayo bado hajaimaliza. Utapata dakika kumi zake, mkiwa mmesimama kwenye ukumbi wenye kelele. Mahali pazuri pa kuzipata dakika hizo ni kwenye meza za miradi, ambazo kwa kawaida hujazana jengo K. GNOME huwa na yake, KDE huwa na yake, na wanaoketi nyuma ya meza hizo mara nyingi ni wasanidi wenyewe, si watu wa matangazo. Nenda Jumapili mchana, umati ukishapungua.

Hata hivyo, FOSDEM ina kitu ambacho mikutano mingine yote hapa haina, nacho ni watu wa nje ya ukoo wako. Msanidi wa programu ya muziki anakutana na wa mfumo wa sauti, na wa kuifunga programu hiyo iingie Debian, moja ya aina za Linux, na wa kuipeleka kwenye simu, wote kabla ya jua kuzama. Kwa mtu ambaye bado hajui aingie mradi gani, hakuna mahali pengine pa kuonja vyungu vingi hivyo kwa siku mbili. Kwa mtu ambaye tayari ana mradi na ana kiraka (mabadiliko ya msimbo aliyoyatuma) kilichokwama, ni safari ndefu kwa ajili ya dakika kumi. (Jiandae pia kwa mafua. Wazoefu wameyapa jina la mkutano wenyewe.)

GUADEC na Akademy: nyumbani kwa mradi

Hapa ndipo kipimo changu kinapolalia, na nakiri hivyo mapema.

GUADEC ni mkutano wa mwaka wa GNOME. Ulianza Paris mwaka 2000. Jina lake limebeba neno Ulaya, lakini mwaka 2022 ulikuwa Guadalajara, Meksiko, na 2024 ukawa Denver, Marekani. 2025 ukarudi Ulaya, Brescia, Italia. Akademy ni wa KDE, na umechukua jina hilo tangu Ludwigsburg, Ujerumani, mwaka 2004. Miaka ya karibuni umepita Barcelona 2022, Thessaloniki 2023, Würzburg 2024 na Berlin 2025. Akademy haina kiingilio, ila unajisajili.

Kuchagua kati ya hii miwili kusikusumbue. Kama programu yako imejengwa kwa GTK, maktaba ya vitufe na madirisha inayotumiwa na GNOME, nenda GUADEC. Kama ni Qt, ile inayotumiwa na KDE, nenda Akademy. Nimeona watu wakichagua kwa uzuri wa mji, wakajikuta wiki nzima wanasikiliza habari za maktaba wasiyoitumia. Zamani kidogo swali lenyewe lilifutwa mara mbili: Gran Canaria mwaka 2009 na Berlin mwaka 2011, GNOME na KDE zilikutana pamoja kwa jina la Desktop Summit. Baada ya hapo kila mmoja akarudi kwake.

Kinachozitofautisha na FOSDEM ni umbo la wiki. Mada huchukua siku mbili au tatu za mwanzo. Siku zinazobaki ni za vikao vidogo, ambavyo wenyewe huviita BoF: chumba kimoja, suala moja, watu watano hadi ishirini, kompyuta zote wazi. Mmoja anaandika yaliyokubaliwa kwenye waraka wa pamoja, wengine wanaandika msimbo huku wanabishana. Akademy hata huweka siku moja katikati ya wiki ya kutembea pamoja nje ya mji, na usiicheke siku hiyo. Mtu aliyekukatalia kiraka kwa maneno makavu huwa na sura nyingine kabisa mkipanda mlima pamoja.

Niruhusu nisimulie kiraka kimoja. Kilikuwa changu, na kilikuwa kimelala miezi saba kwenye foleni ya mradi ambao sitautaja. Tatizo lilikuwa hili. Mtu ana skrini mbili, moja ya ukubwa wa kawaida na nyingine imekuzwa hadi asilimia 150. Akiburuta dirisha kutoka moja kwenda nyingine, maandishi yanafifia kama karatasi iliyonyeshewa, na menyu inafunguka mbali na kitufe chake. Nilikuwa nimeandika maelezo, nimeweka picha, nimeweka hata video. Jibu la mlezi lilikuwa lile lile: kwangu halitokei. Na alikuwa anasema kweli, maana alikuwa na skrini moja.

Siku ya nne ya mkutano tuliketi kwenye chumba kidogo cha vikao. Hakuna aliyebeba skrini ya pili. Mmoja wetu akanyanyua macho, akauona waya wa projekta unaning'inia, akauchomeka kwenye kompyuta ya mlezi. Ukuta ukawa skrini ya pili, asilimia 100. Mpakato wake asilimia 150. Akaburuta dirisha polepole. Nusu yake ilipoingia ukutani maandishi yakafifia, chumba kizima kinatazama. Akalirudisha. Akaliburuta tena. Hakusema kitu kwa muda, kisha akafungua faili ambalo mimi sikuwahi kulifungua, akanionyesha kwamba kiraka changu kinatuliza maumivu tu. Hesabu ya kukuza ilikuwa inakosewa ngazi moja chini, kwenye maktaba inayochora vitufe na menyu, na aliyeiandika hesabu hiyo alikuwa chumba cha pili. Tukaenda kumwita. Mistari yangu mia mbili ikatupwa. Mahali pake pakaingia mistari kumi na mmoja, na jina langu likaandikwa pamoja na lake. Kazi nzima ilichukua dakika hamsini hivi, ukihesabu na muda wa kutafuta adapta ya HDMI.

Miezi saba kwa dakika hamsini. Ndiyo maana nikiona mtu amekata tiketi ya kurudi Jumapili jioni, mada zikiisha tu, huwa natamani kumpigia simu. Amelipa nauli yote ya kwenda, akaikimbia sehemu aliyoifuata.

Tofauti nyingine kati ya hii miwili iko kwenye kalenda za matoleo. GNOME hutoa toleo jipya kila miezi sita, Machi na Septemba, na GUADEC kwa kawaida huangukia Julai. Mnalokubaliana pale lina wiki chache tu za kuingia kwenye toleo la Septemba kabla milango haijafungwa kwa mabadiliko ya sura. Kwa hiyo GUADEC ina joto la kazi za mwisho mwisho. Nenda na kiraka kilichokaribia kuiva. Kwa upande wa KDE, kapu la programu liitwalo KDE Gear hutoka Aprili, Agosti na Desemba, na Akademy ikiwa Septemba, kama ilivyokuwa 2024 na 2025, una pumzi ya kutosha hadi Desemba. Hapo unaweza kwenda hata na wazo bichi.

Akademy ina faida moja zaidi kwa mgeni. Tangu 2017 KDE huchagua malengo makuu ya kusukuma kwa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na mara kadhaa yametangazwa pale pale jukwaani. Anayesikia malengo hayo akiwa ukumbini anajua papo hapo upepo unavumia wapi, na kikao cha kila lengo hufuata siku mbili tatu baadaye. GUADEC kwa upande wake ina wabunifu wa sura za programu wanaoketi na wasanidi meza moja. Kama hoja yako ni kitufe kikae wapi, hao ndio watu wako, na kwa maandishi hutawashinda kamwe.

Linux App Summit: kwa wasio na ukoo

Vipi kama programu yako si ya GNOME wala ya KDE? Una kihariri chako cha maandishi, umekiandika kwa zana uzipendazo, na kilio chako ni kwamba distro kumi (aina za Linux kama Debian) zinakufungia kifurushi kwa namna kumi.

Linux App Summit, maarufu kama LAS, ndiyo yako. Ilianza kwa jina jingine mwaka 2016 Portland, kisha kuanzia Barcelona 2019 GNOME na KDE wakaanza kuiandaa pamoja. Imepita Rovereto 2022, Brno 2023, Monterrey 2024 na Tirana 2025. Mazungumzo yake ni yale ya baada ya msimbo kukamilika: Flatpak na Snap (namna za kufunga programu ifanye kazi kwenye distro nyingi), Flathub (duka la Flatpak), ruhusa za programu, namna ya kumfikia mtumiaji moja kwa moja, na jinsi msanidi wa programu huru anavyoweza kula kwa jasho lake. Ni ndogo kuliko FOSDEM kwa mbali sana. Hakuna foleni mlangoni, na aliyetoa mada asubuhi utamkuta meza ya chakula cha mchana hana anayemgombania.

Kasoro yake ni kwamba mnapatana kwa mengi lakini hamwondoki na msimbo mwingi. Siku chache, na walezi wa maktaba za chini huwa wachache. Kwa mtu mwenye swali la usambazaji, hata hivyo, naiweka juu ya GUADEC na Akademy zote mbili.

Zile ambazo pengine si zako

XDC ni ya watu wa X.Org, Wayland, Mesa na viendeshi vya michoro. Ukiwa na programu ya kawaida ya eneokazi utapotea kabla ya chai ya saa nne. Nenda tu kama hitilafu yako imekushusha hadi huko na umeshakubali kwamba haitapandishwa. Linux Plumbers, iliyoanza Portland mwaka 2008, ni ya mabomba ya chini ya mfumo, na ina kiingilio cha kulipia. DebConf ni ya Debian. Kwa mtengeneza vifurushi ni sikukuu, tena inatanguliwa na DebCamp, siku za kufanya kazi tu bila mada. Kwa msanidi wa programu ambaye hajali kifurushi chake kinatengenezwaje ni mbali na njia yake. Ingawa, kusema kweli, angepaswa kujali.

Kambi ya msimbo: watu wachache, mlango mwembamba

KDE huziita sprint, GNOME huziita hackfest. Watu kati ya watano na thelathini hukusanyika mahali pamoja, siku tatu hadi saba, na suala moja. Hakuna jukwaa. Kwa saa za kukaa na walezi, hakuna mkutano unaozifikia.

Ushahidi wake umeandikwa kwenye mashine tunazozitumia. Mwaka 2011 watu wa KDE walikutana Randa, kijiji cha milimani Uswisi, kwa kambi iliyoitwa Platform 11, na hapo ndipo mpango wa kuzivunja maktaba za KDE kuwa vipande vidogo vinavyotumika peke yake ulipopata umbo. Leo vinaitwa KDE Frameworks. Karibu zaidi na sasa, suala la rangi na HDR (mwanga na rangi pana zaidi za skrini) kwenye Wayland lilikuwa limevutana kwa miaka, kwa sababu linagusa kiini cha Linux, viendeshi, kompozita na programu kwa pamoja, na kila upande ulikuwa unasubiri mwingine uanze. Wahusika wa pande hizo waliketi Brno Aprili 2023, na tena A Coruña Mei 2024. Itifaki ya usimamizi wa rangi iliingizwa rasmi kwenye itifaki za Wayland Februari 2025. Sisemi kambi mbili ndizo zilizoimaliza, kazi nyingi ilifanywa kwa maandishi kabla na baada. Lakini suala la aina hiyo, lenye wenyewe wanne, halimaliziki kwa dakika kumi za kwenye ukumbi wa FOSDEM.

Basi kwa nini nisiiweke kambi nambari moja? Kwa sababu ya mlango. Kambi huenda wanaojulikana, wenye msimbo uliokwisha kupokelewa, wanaojua kwa nini wanaitwa. Mgeni akiingizwa huko kwa huruma ya rafiki atakaa siku tatu akiwatazama watu wakizungumza kwa vifupisho. Nimeshawahi kuwa mgeni huyo. Siku ya pili nilijitolea kuandika kumbukumbu za kikao ili mikono yangu ipate kazi, na hata hizo nilizikosea. Ruka kambi mwaka wa kwanza. Zingatia kwanza mkutano wa mradi, halafu watakuita wenyewe.

Zipo kambi zinazoegeshwa karibu na mikutano mikubwa ili watu wasikate tiketi mara mbili. Wa GTK, kwa mfano, wamewahi kukutana Brussels siku za jirani na FOSDEM. Ukiona nafasi ya namna hiyo, hesabu yote niliyoifanya juu ya FOSDEM inageuka.

Kubaki nyumbani

Si aibu, na wala si sawa na kutokwenda. FOSDEM ya 2021 na 2022 ilikuwa mtandaoni tupu, GUADEC na Akademy za 2020 na 2021 vilevile, na mazoea hayo hayakufa yote. Mada unaweza kuzifuata zikiendelea na kuuliza swali kwenye chumba cha maongezi.

Vikao ndivyo vinavyoumiza ukiwa mbali. Kipaza sauti kimoja kimewekwa katikati ya meza. Unamsikia vizuri aliyeketi karibu nacho, aliye dirishani unasikia mvumo, na wote wakicheka hujui kwa nini. Mtu akichora kwenye ubao, wewe unaona mgongo wake. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni moja: mwandikie mwenye kikao siku chache kabla, mwombe suala lako liwe la kwanza, na umtume mtu mmoja chumbani awe masikio yako, akikuandikia yanayosemwa mbali na kipaza sauti. Robo saa ya kwanza watu wanakukumbuka. Baada ya hapo umekuwa kioo cha ukutani.

Nauli, viza na tarehe

Wachangiaji wa KDE wanaweza kuomba ufadhili wa safari kwa KDE e.V., shirika la mradi huo, wa GNOME kwa GNOME Foundation. Zingatia mambo mawili. Unaomba na kukubaliwa kabla ya kukata tiketi, si baada yake. Na kwa kawaida fedha hurudishwa safari ikishapita, kwa risiti, hivyo kwa wiki kadhaa mzigo ni wako. Kama huna uwezo wa kuubeba, sema hivyo kwenye maombi yako. Si wa kwanza. DebConf hutoa misaada inayoweza kugusa chakula, malazi na nauli. FOSDEM haina mradi mmoja nyuma yake wa kukulipia, kwa hiyo "bure" yake ni ya mlangoni tu.

Viza hubadilisha ulinganisho huu kuliko wengi wanavyokubali. Kwa nchi za Schengen unaruhusiwa kuwasilisha maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usisubiri hadi zibaki siku kumi na tano, ambao ndio ukomo. Hapa ule uhuru wa FOSDEM unageuka mwiba: hakuna usajili, kwa hiyo huna hata karatasi ya kumwonyesha afisa kwamba unategemewa mahali. Njia safi ni kutuma mada. Ikikubaliwa, jina lako limo kwenye ratiba iliyo wazi. Kwa GUADEC na Akademy uliza barua ya mwaliko siku ile ile unapojisajili. Mkutano ukihamia bara jingine, anza upya hesabu zote, maana miadi ya ubalozi peke yake inaweza kula miezi.

Kuhusu kutuma mada: fanya hivyo hata kama ni ya dakika tano. Mada fupi fupi zipo GUADEC na Akademy, na mtu mpole huvuna zaidi kwa dakika hizo kuliko kwa siku mbili za kuzunguka na kikombe mkononi. Hutafuti watu tena. Wao ndio wanaokufuata kukuambia kwamba hitilafu uliyoionyesha inawasumbua na wao.

Ukinibana nichague

Hujawahi kwenda popote na huna mradi: FOSDEM, mara moja, kwa macho ya mnunuzi. Una programu yako mwenyewe na kilio cha vifurushi: LAS. Una viraka vichache vilivyopokelewa na kimoja kilichokwama: GUADEC au Akademy, kulingana na maktaba yako, na ubaki hadi siku ya mwisho ya vikao. Umeitwa kambini kwa jina: nenda kambini, acha mengine yote. Huna viza wala nauli mwaka huu: chagua kikao kimoja, si mkutano mzima, ukihudhurie kwa mbali kwa maandalizi ya kweli.

Na kabla hujalipa chochote, mwandikie mlezi mistari miwili: nina kiraka hiki, je, utakuwepo siku za vikao? Akijibu kwamba anaondoka Jumapili, uliza ni nani mwingine anayeweza kukipokea na yeye anabaki hadi lini. Akijibu kwamba haendi kabisa mwaka huu, umeokoa nauli, na pengine atakuambia anakokwenda badala yake. Akijibu kwamba atakuwepo, kata tiketi, na ubebe adapta ya HDMI.